Kitanzi Kabla Sijatoka Leba

Mwanamke mwenye uchungu hashauriki. Ukimuuliza anataka njia gani ya uzazi wa mpango wakati ameng'ata khanga, atakujibu lolote ili umwondokee, au ataapa kwamba hazai tena mpaka anaingia kaburini, na wote mliomo chumbani mnajua ni maumivu yanayosema. Ndiyo maana mjamzito akiniuliza habari za kitanzi, kile kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, kabla sijamwambia kama kinauma, namuuliza mimba ina miezi mingapi. Akisema mitano au sita, bado ana nafasi ya kupanga awekewe palepale leba. Aende akayaongee kliniki sasa hivi, akiwa na akili zake timamu na mwenzake yupo karibu.

Naulizwa sana kwa sababu ya kazi yangu. Nashona nguo za kike Manzese, banda liko uchochoroni, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro. Mtu anayekuja kushonesha dera hukaa kusubiri, akikaa huongea, na anayeshika futi huijua mimba mapema kuliko mawifi. Humo bandani nimesikia kila kitu kuhusu kitanzi: kwamba kinapanda mpaka kwenye moyo, kwamba kuna mtoto kule Mbagala alizaliwa amekishika mkononi, kwamba mwanamke mwenye nacho haruhusiwi kubeba ndoo ya maji. Hiyo ya ndoo ndiyo inayonichekesha zaidi, maana mtaani kwetu asiyebeba ndoo sijui ataoga na nini.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa 2015, na wa pili akaingia tumboni kabla wa kwanza hajasimama dede. Nilikuwa nanyonyesha, na mtaani wanasema anayenyonyesha hashiki mimba. Maneno hayo yana ukweli, ila masharti yake yamedondoka njiani. Kunyonyesha hukinga pale mambo matatu yanapokutana: mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi chochote zaidi ya ziwa mchana na usiku, na mama hajaanza kuona siku zake. Likikosekana moja, kinga imekwisha. Wangu alianzishiwa uji akiwa na miezi minne kwa sababu bibi yake alisema mtoto analia njaa. Siku zangu sikuziona hata mara moja, na mimba ikaingia hivyo hivyo, kwa kuwa yai hupevuka kwanza na hedhi ndiyo hufuata. Mtu anayesubiri aone damu ndipo aanze kujikinga huwa anasubiri basi lililokwisha kupita.

Kubeba mimba huku una mchanga mgongoni ni kazi ya punda. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 tangu ajifungue kabla ya kutafuta mimba nyingine. Nesi wa kliniki aliponitajia namba hiyo nilikuwa nimempakata wa kwanza, na tumbo la wa pili limeshapita kitovu. Hakunisema, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana wapo ambao wangenisema mbele ya foleni nzima. Alifunga mlango, akatoa boksi la mifano, akanipanga vitu mezani: vidonge, kichupa cha sindano, vijiti vya kuwekwa mkononi, kondomu, na kitanzi.

Nikakishika. Nilitegemea kitu kikubwa, cha kutisha, kumbe ni kidude cheupe cha plastiki chenye umbo la herufi T, urefu haufiki sentimita nne. Kwenye mguu wake umezungushwa waya mwembamba wa shaba, umepangwa sawasawa kama uzi kwenye bobini, na kwenye mikono yake miwili kuna vikola vidogo vya shaba hiyo hiyo. Chini vinaning'inia vinyuzi viwili vya nailoni. Nikavivuta kwa kucha kuona kama vinakatika, tabia ya kazi. Nesi akacheka, akasema, "Vuta tu mama, hivyo ndivyo tutakavyokitolea siku ukitaka."

Akanieleza kinavyofanya kazi. Shaba huachia chembechembe zinazozilemaza mbegu za kiume, zikashindwa kulifikia yai. Kazi yenyewe ni kuzuia mimba isitungwe, na hilo nililishika vizuri kwa sababu nilijua nyumbani nitaulizwa kama kinatoa mimba. Hakina homoni yoyote, kwa hiyo maziwa hayaguswi. Kinakaa mpaka miaka 10. Kati ya wanawake 100 wenye nacho, hata mmoja hafiki anayeshika mimba katika mwaka wa kwanza. Na hakizuii Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Hapo kondomu haina mbadala. Akaniambia pia kuna aina nyingine ya kitanzi chenye homoni, ambacho chenyewe hupunguza hedhi, ila mezani kwake siku hiyo kilikuwepo cha shaba tu.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia: kinaweza kuwekwa palepale leba. Kondo likishatoka, mkunga aliyefundishwa anakiweka ndani ya dakika 10, kabla hujashuka kitandani. Ikishindikana, bado kuna nafasi mpaka saa 48 baada ya kujifungua. Zikipita hizo, unasubiri mpaka wiki ya nne au zaidi, mji wa mimba ukiwa umerudi. Huo muda wa katikati hawaweki.

Mume wangu ni fundi umeme. Jioni nilipomsimulia, kilichomkaa kichwani ni kimoja.

"Shaba? Hii hii ya kwenye waya?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa mama watoto, shaba ikikaa kwenye unyevu inageuka kijani. Wewe utaiweka miaka kumi?"

Ilibidi kliniki iliyofuata twende wote. Ukienda na mwenzako huwa mnaitwa mapema, kwa hiyo hata yeye hakupoteza siku ya kazi. Akamuuliza nesi swali lake la kutu, kwa heshima zote, huku akina mama wengine wakizuia vicheko. Nesi akamjibu kwamba shaba kupungua polepole ndiyo kazi yenyewe, na kwamba miaka 10 imewekwa kwa sababu hiyo, baada ya hapo kinabadilishwa. Mume wangu akaridhika kabisa. Fundi ukimpa muda wa matumizi wa kifaa, basi, hana neno tena. Nikasaini ridhaa yangu, ikaandikwa kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu ili mtu wa leba asiipitie juu juu.

Uandishi huo ndio ulioniokoa. Usiku niliojifungua, zamu ilikuwa na watu wachache, mkunga aliyenipokea hanijui, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui naitwa nani. Aliisoma kadi, akauliza nani kwenye zamu amefundishwa kuweka, maana si kila mkunga amefundishwa, akaitwa mwenzake kutoka wodi ya pili. Angekuwa hayupo, ningeondoka bila. Ninapowaambia wanawake waulize mapema kama pale wanapotegemea kujifungulia kuna mtu wa kuweka, sisemi kwa ushamba.

Mnataka kujua kama kiliuma. Baada ya kichwa cha mtoto kupita, hakuna kitu kidogo cha sentimita nne kitakachokushtua. Mlango wa kizazi uko wazi, mwili umechoka, mtoto analia pembeni na wewe unamtazama yeye. Kilichoniuma ni mkono wa mkunga uliokandamiza tumbo kwa juu wakati mwenzake anakifikisha mwisho kabisa wa mji wa mimba kwa koleo refu. Nililalamika kidogo. Akasema, "Pole dada, nikikiacha chini kitakutoka." Baadaye nikaonyeshwa dalili za kurudi haraka: homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua. Na wapo wasiowekewa kabisa hapo leba hata kama walisaini: aliyepasukiwa chupa muda mrefu, mwenye homa ya maambukizi, na ambaye damu imekataa kusimama. Hao huambiwa wasubiri, na kusubiri ndiko sahihi kwao.

Kikanitoka.

Arobaini ilikuwa haijaisha. Nilikuwa bafuni uani, nimechuchumaa, nikahisi kitu kigumu kinanichoma. Nikagusa, ni plastiki. Dakika si nyingi kikawa kiganjani mwangu, kizima, nyuzi zake na shaba yake, na maumivu yaliyokuja nacho yalikuwa ya kawaida kama ya siku za mwezi. Nilikikosha, nikakifunga kwenye karatasi. Mama mkwe, ambaye alikuwa kwetu kwa ajili ya kunikanda na kunipikia, alikitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, mwili wako umekikataa. Usiulazimishe."

Nesi wa kliniki alilichukulia tofauti. Mara tu baada ya kujifungua mji wa mimba ni mkubwa, unafika kwenye kitovu, na ndani ya wiki sita unajikaza mpaka unarudi kuwa wa saizi ya ngumi. Katika kujikaza huko unaweza kukisukuma nje. Kwa wanaowekewa palepale leba, hutokea kwa takriban mmoja kati ya 10. Kwa anayewekewa baada ya wiki kadhaa, ni mara chache sana. Haikuwa kosa la mkunga wala la maji moto ya mama mkwe. Hatari yake ni pale kinapotoka bila mwenyewe kujua, kwenye choo au kwenye damu ya uzazi, akaendelea kujiona amekingwa. Kwa hiyo hudhurio la wiki ya nne mpaka ya sita si la kupeleka mtoto kupimwa uzito tu. Hapo mama naye anapanda kitandani, nyuzi zinatazamwa zilipo.

Kuna wanaoniambia, sasa kama kinatoka hivyo, si bora kusubiri arobaini iishe? Kwa mwenye uhakika wa kurudi, sawa. Lakini nawajua wateja wangu. Mtu ana mchanga, ana mkubwa wa kumpeleka chekechea, ana biashara ya vitumbua ya saa kumi na moja alfajiri. Anasema atarudi, na anapokuja kurudi anarudi kuandikishwa mimba. Watu tisa kati ya kumi wanaotoka leba nacho hubaki nacho, na kwa wengi wao hiyo ndiyo siku pekee ambayo wao, kitanzi na mtu anayejua kukiweka walikutana chumba kimoja.

Kupata cha pili kulinisumbua kuliko cha kwanza. Zahanati niliyoanzia, sitaitaja, dada aliyekuwa zamu alidai barua ya mume. Nikamwambia mume anajua. Akasema nilete barua. Hakuna sharti kama hilo kwenye huduma ya uzazi wa mpango. Mwanamke anajisainia mwenyewe, na huduma kwenye vituo vya serikali ni bure. Ningeweza kuileta hiyo barua jioni hiyo hiyo, mwandishi wake alikuwa ameshajua hata unene wa waya. Lakini nilifikiria ambaye mume wake yuko safari, au hayupo kabisa, au yupo na ndiye tatizo. Sikuileta. Nikaenda kituo kingine, wakanipima kuhakikisha sina mimba, wakaniweka.

Hiki cha pili kiliuma. Safari hii mlango wa kizazi umeshafunga, kwa hiyo kuna kushikwa, kuna kupimwa kina kwa kijiti, na pale kinapopita kuna mkazo mmoja mkali unaokukunja. Ni jambo la dakika chache, lakini anayekwambia hutasikia kitu anakudanganya, na atakufanya usimwamini kwa mengine aliyosema kweli. Kumeza dawa ya maumivu kabla husaidia kidogo, na kutokwenda na njaa husaidia pia.

Miezi iliyofuata ndiyo watu wengi hukikimbia. Kitanzi cha shaba huongeza hedhi, hasa miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo: damu nyingi zaidi, siku nyingi zaidi, tumbo kukaza. Mimi nilitoka siku nne nikaenda mpaka saba. Ibuprofen ilinituliza. Nikala maini, dagaa na matembele kwa kusudi, na nesi akanipima wingi wa damu nilipomwambia nasikia kizunguzungu nikisimama kwenye cherehani. Mwanamke ambaye tayari ana upungufu wa damu, au ambaye tangu usichana hedhi yake ni ya kumlaza kitandani, ayaseme hayo kabla ya kuwekewa. Njia ziko nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Ramadhani ya kwanza nikiwa nacho, siku zilizoongezeka zilikuwa siku za kulipa baadaye. Zaidi ya hapo, katikati ya mwezi nikawa naona matone. Je, nisali nisisali? Nifunge nisifunge? Daktari hana jibu la hilo. Nilimfuata mwalimu wa kike wa madrasa, mama mtulivu ambaye hakushtushwa na swali. Akaniuliza hedhi yangu nimeizoea siku ngapi na matone yanafananaje. Matone yanayokuja nje ya siku za hedhi ni istihadha, akasema: jisafishe, weka pedi, tawadha kwa kila sala ikishaingia, sali na funga kama kawaida. Nimewasimulia wanawake wengi jibu hilo, na nimeona mabega yakishuka. Nawajua waliokitoa kwa sababu hiyo tu, bila kumwambia nesi, wakasema "kimenisumbua" basi. Baada ya nusu mwaka hivi hedhi yangu ilitulia, ikakaa siku tano.

Mwaka 2018 nao ulileta yake. Septemba ile Rais Magufuli, akiwa mkoani Simiyu, aliwaponda wanaotumia uzazi wa mpango, na mwezi huo huo matangazo ya uzazi wa mpango yakaamriwa yasitishwe redioni na kwenye televisheni. Huduma hazikufungwa, lakini mtaani nani alikuwa anatofautisha tangazo na huduma? Wateja wakawa wananiuliza kwa kunong'ona kama kliniki bado wanaweka. Mama mkwe alipiga simu kutoka Korogwe. Hakugomba, siyo tabia yake. Alisema, "Mmesikia aliyosema mkubwa?" Mume wangu akamjibu, "Tumesikia mama. Ada ya shule na wewe umesikia?" Kimya, kisha wakahamia kwenye habari za mvua.

La nyuzi nalo niliseme, kwa kuwa hakuna anayeliuliza mchana. Wapo wanaume wanaolalamika kwamba zinawachoma. Wangu alilalamika. Nilirudi nikitegemea watazikata fupi, nesi akanieleza kinyume chake: nailoni iliyokatwa fupi ndiyo inayosimama na kuchoma, iliyoachwa na urefu kidogo hulala na kujikunja kuzunguka mlango wa kizazi. Fundi nguo nilipaswa kuambiwa hilo? Zangu zilikuwa hazijakaa vizuri tu, akazipanga, malalamiko yakaisha. Unaweza kujikagua mwenyewe kwa kidole kilichonawa, baada ya hedhi. Ukizikuta, zimo. Zikiwa ndefu kuliko ulivyozoea, au hazipo, au umegusa plastiki, tumia kondomu na uende kituoni. Na ukikosa hedhi ukiwa nacho, usikae nyumbani ukisema ni mchoko. Mimba kuingia ni nadra, lakini ikiingia inaweza kutunga nje ya mji wa mimba, na hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Kuhusu kupanda mpaka moyoni: mji wa mimba hauna njia ya kwenda moyoni. Kinachoweza kutokea, mara chache mno, kama kwa mwanamke mmoja kati ya 1,000, ni kutoboa ukuta wa mji wa mimba wakati wa kuwekwa na kuingia tumboni. Hilo ni tatizo la kweli na hutibiwa kwa upasuaji. Nimejifunza kulisema waziwazi, kwa sababu ukikataa kila kitu watu husema umelipwa.

Mwaka 2021 tulitaka mtoto wa tatu. Kukitoa kulichukua muda mfupi kuliko kuvua viatu: kohoa mama, akavuta, kimetoka. Mimba ikachelewa kidogo, na mimi nikaanza kusikia minong'ono kwamba kimeniharibu kizazi. Ukweli ni kwamba uwezo wa kushika mimba unarudi mara kikishatoka, na baada ya hapo kila mtu na riziki yake. Mdogo wangu aliyekuwa anatumia sindano ya miezi mitatu ndiye aliyesubiri hasa, kwani sindano huweza kuchelewesha kwa miezi mingi baada ya ile ya mwisho kuisha nguvu. Wa kwangu alizaliwa 2023.

Huyo alizaliwa kwa upasuaji, alikuwa amelala kimshazari. Nilikuwa nimeshasaini kliniki kama mara ya kwanza, nikadhani upasuaji umefuta mpango. Daktari akasema hapana: mtoto akitoka na kondo likitoka, kinawekwa kupitia jeraha lile lile kabla mji wa mimba haujashonwa, mradi damu isiwe nyingi kupita kiasi. Nilikuwa macho, nimechomwa ganzi ya mgongo. Nilisikia akiomba kitanzi kama anavyoomba mkasi.

Kwenye hudhurio la wiki ya sita nyuzi hazikuonekana, nikajua tumerudi kwenye habari ya 2017, ya kile cha kwanza kilichonitoka. Lakini kwa aliyewekewa wakati wa upasuaji hilo ni la kawaida, nyuzi mara nyingi hubaki zimejikunja ndani na zikashuka baadaye, au zisishuke kabisa. Nikapelekwa ultrasaundi. Mtaalamu akanigeuzia skrini, akanionyesha mstari mweupe mfupi katikati ya kijivu, umekaa juu panapotakiwa. Zimeshuka baada ya miezi kadhaa. Hedhi safari hii haikunisumbua kama ile ya mwanzo, na sina maelezo ya kwa nini.

Wifi yangu wa mwisho alipopata ujauzito nilimpa habari zote hizi, mpaka za mwalimu wa madrasa. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda kliniki na mumewe, akachagua vijiti vya mkononi. Hedhi zake ni nzito tangu zamani, hakutaka kuongeza nyingine juu yake. Vijiti navyo vinawekwa kabla hujaruhusiwa wodini, na mtoto anaendelea kunyonya. Mama mkwe alipopata habari alinipigia mimi, akiamini nimemshawishi, na ilinichukua dakika kadhaa kumweleza kwamba binti yake amekataa nilichokisifia.

Kadi yangu sasa imeandikwa 2033. Mwaka huo nitakuwa na 46, na nesi amesema tutatazama kama bado nahitaji kingine, kwa kuwa kukoma kwa hedhi hakutakuwa mbali. Faili hospitali hupotea na kadi hulowa, kwa hiyo tumeipiga picha, moja kwenye simu yangu, moja kwenye ya baba watoto. Yake ameihifadhi pamoja na risiti za vifaa vyenye dhamana.